Mechi ya Ishirini

Bwenini, chumba namba 9
18 Januari 2004

Shikamoo Mjomba,

Pokea salamu nzito kama gunia. Nusu mpelekee Mama, na chembe kidogo umwachie Kitindamimba, asije akavimba kichwa kwamba kaka yake anamkumbuka sana. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nimeanza kuzoea harufu ya plastiki moto. Wiki ya kwanza chai, sabuni na mto wa kulalia vyote vilikuwa na ladha moja.

Naandika kwa sababu najua simu kwako ni kelele za nyuki tu. Hata hivyo simu hapa ni moja, iko ofisini, na ukiongea karani anakutazama mdomoni.

Kazi yenyewe utaipenda. Tunatengeneza makasha ya diski za michezo, yale yale unayoyafuta vumbi kila asubuhi kwa bidii kuliko unavyosafisha meno yako. Plastiki inaingia kama uji, mashine inafumba, inafumbua, nawe unalichomoa kasha kwa mkono kabla haijafumba tena. Mimi niko mashine namba nne. Msimamizi aliniuliza nimejifunzia wapi wepesi huu. Nikamwambia kwetu naitwa Vidole, na jina hilo nilipewa na mjomba wangu siku nilipomfunga mabao saba dukani kwake mbele ya wateja.

Sasa sikiliza raha yake. Majalada ya karatasi yanapita mbele yangu kabla hayajafika duka lolote duniani, kwa hiyo mimi najua kipi kitauzwa sana kabla yako. Ubao wako wa Kumi Bora umepata mpelelezi. Andika hivi: wa kwanza Mpira, kama kawaida yake. Wa pili Wizi wa Benki. Wa tatu Magari. Wa nne Maiti, ule wa kuwapiga risasi maiti wanaotembea. Wa tano, usicheke, Shamba. Watu wazima wenye akili zao wanashinda sebuleni wakipalilia mahindi ya kwenye televisheni.

Chumbani tuko sita. Mashine yangu ya michezo iko juu ya sanduku la nguo, na kile kibandiko cha samaki alichokibandika Kitindamimba mgongoni, ili isipotee kwenye za wenzangu, kimenifanya nichekwe na bweni zima. Jumapili tunacheza. Msimu wetu wa ligi tuliouanza dukani ninao kwenye kadi ya memori, sijaugusa kwa hila. Timu yako ya Wazee anaichezesha jirani yangu wa kitanda, tunamwita Fundi Viatu kwa sababu ndiyo kazi aliyoiacha kwao. Mechi ya kumi na moja: Vidole tatu, Wazee sifuri. Pole sana.

Mpwa wako mtiifu,
Vidole

Dukani
12 Februari 2004

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa siku utakayosahau kuniamkia. Sisi huku tupo. Mama yako mguu unamsumbua asubuhi, ukifika mchana anausahau kwa sababu ya kusimulia habari zako. Kitindamimba anaendelea na cherehani. Wiki jana ameshona suruali yenye miguu miwili inayolingana, na fundi wake amesema hayo ni maendeleo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya nne nilimsomea mama yako, na kwa haya masikio yangu yaliyokufa nusu sijui sauti yangu ilifika wapi, ila kesho yake muuza mkaa aliniuliza habari ya Shamba. Basi nikaona isikae bure. Nimeibandika ukutani, pembeni ya ubao wa Kumi Bora. Vijana wanaisoma wakisubiri zamu ya kucheza. Wanne wamekwisha kujiandikisha kwa Wakala waje huko kwako: Kocha, wale pacha wawili, na Kiatu Kimoja. Wakala, yaani yule bwana wa viatu vinavyong'aa aliyekupeleka wewe, amefurahi mno. Ameomba ukuta wangu abandike tangazo lake, naye kwa kuwa ni mtu mwema ananiletea mashine za michezo zilizotumika, na kadi zake, kwa bei ya kutupa. Anasema wenyewe wanataka za kisasa. Sikumchimba zaidi.

Kitu kimoja tu tumepishana. Anataka nifute kadi zote kabla ya kuuza. Nikamwambia mimi kadi ya mtu siifuti mpaka mwenyewe asimame mbele yangu aseme futa. Unamkumbuka yule mwoka mikate niliyemfutia Shamba lake la miaka miwili kwa bahati mbaya? Mtu mzima, ana wajukuu, alikaa kwenye benchi langu akalia machozi. Tangu siku ile nilijiapiza. Wakala alicheka mpaka akakohoa.

Hayo mabao matatu siyakubali. Huyo Fundi Viatu mwambie aache kushika pedi ya kuchezea kama nyundo.

Mjomba wako

Chumba namba 9
7 Machi 2004

Shikamoo Mjomba,

Salamu kwa wote, na nisamehe kwa ufupi. Magari ya Pili yanatoka mwisho wa mwezi, na dunia nzima inayataka siku moja. Yaandike juu kabisa ya ubao, juu hata ya Mpira, nawe utaniambia. Hapa mashine hazizimwi hata saa ya chai. Tunapokezana vikombe.

Wameondoa kinga. Ni kile kimlango cha waya kinachoshuka mbele ya mikono yako kabla mashine haijafumba. Kinachelewesha, wanasema, makasha mia kadhaa kwa zamu. Msimamizi ameahidi kukirudisha Magari yakishapita. Mama usimwambie hilo.

Kocha na wenzake wamefika. Nilifurahi kuwaona mpaka nikapiga ukelele, halafu Kocha akaniambia wamekuja kwa ajili ya barua yangu iliyoko ukutani kwako. Mjomba, iondoe ile barua. Sina ubaya. Niliiandika nikiwa mgeni, na mgeni anaona mapazia tu.

Mechi ya kumi na nane: Vidole mbili, Wazee moja. Bao lako lilikuwa zuri, nakiri kwa shingo upande.

Vidole

Dukani
4 Aprili 2004

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, Kitindamimba anakusalimu, ubao wa Kumi Bora unakusalimu. Ulisema kweli. Magari ya Pili yamekaa juu na hayateremki, watu wanapanga foleni mpaka kwa kinyozi. Niliyoyaagiza yaliisha kwa siku mbili, kwa ajili ya lile jicho lako. Nimejipiga kifua mbele ya wenye maduka wenzangu, nikawaambia nina mtu wangu ndani.

Habari ya barua, nitaiondoa. Wakala ameomba niiache mpaka apate nakala, anasema inasaidia wazazi kutulia. Ni siku chache tu.

Je, kile kimlango kimerudishwa? Usinijibu kwa mizaha katika hilo.

Mjomba wako

Dukani
9 Mei 2004

Mpwa wangu,

Barua yako ya mwisho ni ya Machi, na sasa miezi miwili imepita kimya. Mama yako kila siku anamuuliza mtu wa posta, mpaka mtu wa posta ameanza kupita mtaa wa nyuma. Mimi najitia kusema una kazi nyingi. Andika mstari mmoja. Hata ukinitukana nitafurahi.

Mjomba wako

Bwenini
23 Mei 2004

Kwako mpendwa Mjomba,

Natumaini u mzima wa afya pamoja na wote nyumbani. Mimi niko salama na ninaendelea vizuri na kazi.

Ninaomba radhi kwa kuchelewa. Barua hii ananiandikia mwenzangu wa chumba, Fundi Viatu, kwa kuwa nilipata uvimbe kidogo kwenye mkono na nimeshauriwa niupumzishe. Si jambo la kutia wasiwasi. Uongozi umenihudumia vizuri sana na umenipa kazi nyepesi.

Siku hizi barua zote hupitia ofisini ili zisipotee njiani. Ni utaratibu mzuri.

Michezo inayoongoza ni Magari ya Pili, kisha Mpira, kisha Maiti. Mechi ya ishirini na saba imechezwa Jumapili iliyopita. Timu yako ya Wazee imeshinda mabao matano kwa sifuri. Hongera.

Mwambie Kitindamimba ashike cherehani kwa bidii. Asiache cherehani.

Mpwa wako

Dukani
14 Juni 2004

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nimeitafuta shikamoo juu, chini, nikageuza na karatasi.

Nyumbani kuna furaha, na furaha hiyo ndiyo inayoninyima raha. Kitindamimba anakuja huko. Wakala amekaa sebuleni kwa mama yako, amekunywa chai vikombe viwili, na ametoa nakala ya barua yako ya Januari mfukoni akawasomea upya. Anasema Mpira mpya unatoka mwezi wa tisa, na safari hii kiwanda kinataka wasichana hasa, maana vidole vyao ni vyembamba na vinapita upesi. Alimshika mkono akautazama kiganja na mgongo kama anayechagua nyanya. Mama yako alicheka. Mimi nilikuwepo, nikacheka pia, Mungu anisamehe. Wanaondoka mwanzoni mwa Agosti. Sanduku la nguo limekwisha nunuliwa, la bluu.

Sasa nina maswali machache, ni ya michezo tu, ofisi haitakasirika. Umenipa ushindi wa mabao matano. Tangu ukiwa na miaka tisa hujawahi kunipa hata moja bila kugombana. Nani alifunga? Na mechi ya ishirini ilikwishaje? Na je, mashine yako bado ina kile kibandiko cha samaki mgongoni? Nauliza tu. Wakala ameniletea shehena mpya wiki iliyopita, mashine kumi na moja, na tangu nifungue kreti hilo sijauza hata moja.

Andika kwa mkono wako. Ukiwa umevimba, andika herufi kubwa kubwa. Niandikie neno moja lililo lako.

Mjomba wako

Bwenini
11 Julai 2004

Kwako mpendwa Mjomba,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima. Nimefurahi kusikia dada yangu ataungana nasi katika kazi hii nzuri. Mechi ya ishirini tulitoka sare ya bao moja kwa moja. Mashine yangu iko salama na kibandiko kipo. Michezo inayoongoza bado ni ile ile.

Mpwa wako

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo, nyuma ya jalada la karatasi la Mpira mpya, kwa penseli:)

Shikamoo Mjomba.

Huu ni mkono wa kushoto. Nenda nao polepole.

Asije.

Hiki kipande hakipiti ofisini. Fundi Viatu, anayetumwa posta na barua za ofisi, atakitoa nje ndani ya soli akitie kwenye bahasha. Ya juu wameisoma na kuipiga muhuri.

Mechi ya ishirini haijachezwa. Tarehe 14 Machi tulicheza ya kumi na tisa, nikahifadhi kwenye kadi. Kesho yake mashine namba nne ilifumba, mkono ukiwa ndani. Wa kulia. Kimebaki kidole kidogo. Kinga haikuwepo. Nilikuwa nachomoa kasha la Magari.

Nikiwa kitandani walichukua vitu vyangu, wakasema vinahifadhiwa. Sijaviona tena. Vyeti na kitambulisho vyangu wanavyo. Wamesema nikiandika vizuri nitarudishiwa hivyo vyeti mkataba ukiisha. Sasa nafagia.

Pacha mmoja pia. Vidole viwili. Kocha alirudishwa, sijui alikorudishwa.

Nilishindwa kusema kwa sababu barua yangu ndiyo iliyowaleta. Kila mgeni akifika ananiuliza, wewe ndiye yule wa ukutani? Naitikia.

Usimwambie Mama habari ya mkono. Mwambie Kitindamimba tu. Mwambie neno lolote, hata la uongo. Asije.

V.

Dukani
3 Agosti 2004

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Salamu sina. Nimeamka nazo zikaniishia njiani.

Barua yako imenifikia jana Jumatatu. Kitindamimba ameondoka Alhamisi iliyopita. Gari la Wakala lilikuja siku tano kabla ya siku tuliyoambiwa, akasema nafasi zinajaa, ama leo ama basi. Aliondoka na sanduku la bluu na lile koti alilolishona mwenyewe. Alinipungia kupitia dirishani, akasema jambo. Sikulisikia. Nilimwambia nenda salama.

Sasa nikueleze nililokuficha, kwa sababu tumefichana mpaka imetosha. Lile kreti la mwezi wa sita lilikuwa na mashine yako. Niliitambua kwa samaki kabla sijaigeuza vizuri. Nikaweka kadi, ikafunguka: Vidole, msimu, mechi ya kumi na tisa, tarehe 14 Machi. Na nilikuwa na barua yako mkononi inayosema mechi ya ishirini na saba, Wazee mabao matano. Nilikaa kwenye benchi, lile lile la mwoka mikate.

Halafu nikaweka kadi ya pili. Kocha, Maiti, sura ya saba, mwisho tarehe 2 Aprili. Ya tatu, Pacha Mkubwa. Zote kumi na moja zina tarehe inayokatika ghafla. Nusu ya majina hayo yalipata kukaa dukani kwangu yakinitania. Mtu anayeuza mashine yake kwa hiari hufuta kadi, au huiondoa. Hakuna aliyeiondoa hata moja.

Kwa hiyo nilijua, mpwa wangu. Tangu tarehe kumi ya mwezi wa sita nilijua kuna ubaya, ingawa sikujua ni upi. Na sikusema. Nilijidanganya kwamba nangoja barua ya mkono wako, kwamba siwezi kumvunja moyo mama yako kwa kadi ya memori. Ukweli ni kwamba ningemwambia neno moja tu, angeniuliza, tangazo hilo liko ukuta wa nani? Na barua ya mwanangu ameibandika nani? Hapo ningejibu nini? Uliniambia niiondoe mwezi wa tatu. Mwezi wa saba ilikuwa bado ipo, imeanza kuwa ya njano, na chini yake foleni. Nilikuwa nawauzia watu Magari ya Pili kwa furaha, na kasha moja kati ya hayo lilikuwa na mkono wako.

Jana nimemwambia mama yako yote. Najua ulinikataza habari ya mkono. Nimekata shauri kwamba kukatazana ndiko kulikotufikisha hapa. Hakulia. Alisimama akaenda dukani kwangu kwa ule mguu wake mbovu, akaibandua barua yako kwa kucha, polepole, isichanike. Tangazo alilichana. Ubao wa Kumi Bora aliutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Huu nao ni wa nini?"

Wakala alipita mchana kuuliza kama nimefuta kadi. Nikamwambia nimefuta zote. Ndiyo mara ya kwanza uziwi umenisaidia, maana aliuliza mengine nikajitia sisikii. Kadi ziko kwenye mkebe wa chai, kumi na moja, na karatasi ya majina na tarehe nimeiandika. Mama yako na mimi tunaondoka kesho kutwa. Kwanza ofisi ya kazi ya mkoa, halafu huko kwenu, hata wakitufungia geti.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, posta imenitosha. Amesema siku nne, atamkabidhi Fundi Viatu nje. Ikifika kabla ya Kitindamimba kupangiwa kazi, mkamate getini. Koti lake lina mifuko miwili isiyolingana, utalijua. Asitoe kitambulisho. Asitie saini. Mwambie Mjomba amesema arudi, mwambie Mjomba ni mjinga na mwoga na amesema arudi.

Mjomba wako

8 Agosti 2004

Shikamoo Mjomba,

Kitindamimba alifika Jumatatu. Barua yako imefika jana, Jumamosi, na hii dereva yule yule atawaletea kwenye ofisi ya kazi ya mkoa.

Alinitafuta bweni zima akiita jina langu. Aliponiona alicheka, akanyoosha mkono tupeane kama zamani, kisha akauona wangu. Hajalia mbele yangu. Kitambulisho walikuwa wamekwisha kukichukua getini, na saini ametia ndani ya gari, Wakala alimpa peni njiani.

Nilimwambia asiende mashineni. Alijaribu kukataa. Msimamizi akamwuliza kama anataka kaka yake arudishwe alikorudishwa Kocha. Basi akaenda. Kwa ajili yangu, Mjomba.

Mpira mpya tumeanza kuutengenezea makasha Jumatano. Utaongoza, hilo halina ubishi, agizo lake ni kubwa kuliko Magari yalivyokuwa. Kinga hazijarudishwa. Wamempanga namba nne. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, na wamemsifu kwa hilo.

Nyuma ya namba nne kuna kitufe chekundu cha kuzimisha. Kiko mbali na kiti, anayefanya kazi hakifikii. Mimi siku ile sikukifikia. Nimeomba kufagia mstari huo. Ufagio nimeubana kwapani, na kidole gumba cha kushoto kiko juu ya kitufe tangu king'ora cha kuingia mpaka cha kutoka. Nahesabu naye: fumba, fumbua, chomoa. Jana alichelewa mara moja, nikabonyeza. Mstari wote ulisimama. Nikasema ufagio ulinasa. Msimamizi alinitazama, akasema mara ya pili nitafagia uani.

Njooni na hizo kadi. Sitaki kusikia habari ya mwoga na mjinga, tutagombana ukifika. Njooni tu upesi, msilale njiani. Zamu ni ya muda wa saa kumi na mbili, kila siku isipokuwa Jumapili, na leo ndiyo Jumapili. Kesho nina kisingizio kimoja tu kilichobaki.

Mpwa wako,
mkono wa kushoto